Ng'ombe wa Pili Alikuja Ndani ya Boksi la Viatu

Ng'ombe wa pili wa mahari ya Igihozo alifika mtaa wa Mabanga, Goma, ndani ya boksi la viatu, amevingirishwa kwa kitambaa cha flaneli, na uzito wake haukufika nusu kilo.

Wa kwanza hakuleta maneno. Alikuwa hai, huko juu Masisi, na kwa kuwa barabara siku zile haikuwa na adabu, familia ya bwana harusi ilimleta kwa video ya simu: akala majani, akageuka, akaonyesha kiwele, akajisaidia bila haya mbele ya watu waliokuwa karibu kuwa wakwe zake. Papa Harelimana, baba wa Igihozo, aliitazama video hiyo mara sita, akasema ng'ombe ni mzuri. Shida ilikuwa kwa wa pili. Wa pili alichukuliwa na watu wenye bunduki ambao hawakuacha jina wala salamu, na familia ya Florent, bwana harusi, haikuwa na mwingine. Walichokuwa nacho ni lenzi ya kamera, ya Kijerumani, ya miaka ya hamsini, ambayo babu yake Florent, marehemu Niyonsenga, aliitumia kuwapiga picha watu wa Rutshuru kwa muda wa miaka thelathini. Papa Onésime, baba mdogo wa Florent na msemaji wa upande wao, aliileta kwa mikono miwili na kueleza kwamba Wazungu wanaitafuta usiku na mchana, na kwamba ng'ombe huzeeka lakini kioo hakizeeki.

Papa Harelimana alifikiri siku mbili. Alikuwa mfugaji aliyekaa Goma miaka kumi na miwili bila hata mbuzi mmoja, na mtu wa namna hiyo huwa mkali juu ya ng'ombe kuliko mwenye zizi lililojaa.

“Kama imekuja kwa nafasi ya ngombe,” alisema mwishowe, “basi iko ngombe.”

Wote walicheka wakadhani anatania. Hakuwa anatania, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Kwa watu wa Masisi ng'ombe mgeni hapokelewi siku ile ile. Hutangulia, akawekwa peke yake, akatazamwa kama anakula, kama anakohoa, kama ana macho ya kusinzia. Kwa hiyo lenzi ilitangulia wiki mbili kabla ya sherehe, ikalazwa chini ya kitanda cha mzee, mbali na mlango kwa sababu ya baridi. Kila asubuhi mzee alifungua boksi na kuitazama. Shangazi Athanasie, dada yake, aliyekuwa amekuja kusaidia mapishi, aliapa kwamba alimsikia akiisalimia.

Sasa, jambo la kuchekesha kuliko yote, au la kuudhi, inategemea ulikuwa umekaa wapi, ni kwamba Igihozo mwenyewe alikuwa fundi wa kamera. Alifanya kazi kwenye studio moja ya picha upande wa Birere, na miaka saba alikuwa akifungua vyombo vya watu vilivyoingia vumbi, mchanga na bia. Mashine iliyoshindikana Goma nzima ilipelekwa kwake. Lakini alipoomba kuiona lenzi ya mahari yake mwenyewe, baba yake alisogeza boksi kwa mguu hadi ndani zaidi chini ya kitanda.

“Bibi harusi hapimi ngombe yake,” alisema. “Itakuwa aibu.”

Igihozo akaenda zake kazini. Hakutaka ugomvi na mtu yeyote katika wiki zile. Alimpenda Florent, tuseme wazi, alimpenda hadi akawa anacheka peke yake kwenye foleni ya maji. Florent alikuwa fundi wa magari Rumangabo, kijana mpole mwenye kucha nyeusi za grisi zisizotakata, na baada ya harusi wangekaa huko huko Rumangabo. Mahari ikipokelewa, ataondoka. Ikikataliwa, wataanza upya, na ng'ombe wa kuanza upya naye hayupo.

Jumamosi ya sherehe, viti vya plastiki vilipangwa uani katika safu mbili zinazotazamana, juu ya yale mawe meusi ya volkano ambayo hayakubali kiti kisimame sawa. Upande huu wa bibi harusi, upande ule wa bwana harusi, katikati meza yenye boksi la viatu lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Igihozo alikuwa chumbani, amefungiwa pamoja na Shangazi Athanasie, maana bibi harusi haonekani mpaka ng'ombe wapokelewe. Alisikia kila kitu kupitia pazia la mlango.

Alimsikia mghani wa ng'ombe, aliyealikwa kutoka Sake, akianza kusifu kwa Kinyarwanda. Ng'ombe wa kwanza alisifiwa pembe, mwendo na ukoo wa mama yake. Alipofika kwa wa pili, mghani alisita kidogo, akafunua kitambaa, akatazama, kisha kwa ujasiri wa watu wa kazi yake akamsifu kwa weusi wa ngozi, kwa uduara wa jicho, na kwa utulivu wake mbele ya wageni. Watu walipiga makofi. Hapo shughuli ingeweza kwisha salama.

Lakini msemaji wa upande wa bibi harusi alikuwa Papa Ézéchiel, binamu ya mzee, mtu anayependa kipaza sauti kuliko chakula. Kazi ya msemaji siku hiyo ni kusumbua kidogo, kutafuta kasoro za utani, ili wageni nao wajibu kwa utani na binti asionekane ametolewa bure. Papa Ézéchiel akasimama.

“Hapa Goma siku hizi kila kitu iko na pacha wake,” alisema. “Kuko simu ya vrai na simu ya faux. Kuko dawa ya vrai na dawa ya faux. Sasa hii ngombe yenu, tutajuaje kama haikubadilishwa kichwa kule njiani?”

Watu walicheka. Papa Onésime hakucheka. Lenzi ile ilikuwa ya baba yake mzazi, na mtu alikuwa amesema mbele ya watu mia moja kwamba huenda ni faux, ya bandia.

“Leteni fundi,” alisema. “Aipime hapa hapa. Kama iko faux, tunabeba mutoto wetu tunarudi.”

“Fundi gani?” aliuliza Papa Ézéchiel, naye sasa ameanza kujuta.

“Fundi wa lenzi Goma muzima namujua moja tu,” ilisema sauti moja nyuma kabisa, “ile mudada wa studio ya Birere, banamwita...” Kisha sauti ikanyamaza, kwa maana mwenye sauti alikuwa ameshika sahani ya harusi ya dada huyo huyo.

Mabishano yalichukua karibu nusu saa. Je, bibi harusi anaweza kupima ng'ombe wake? Hawezi. Je, yuko fundi mwingine? Hayuko. Je, akitoka chumbani kupima, atakuwa ametoka kama bibi harusi au kama fundi? Mzee mmoja akasema atoke amevaa nguo za kazi, atahesabiwa kuwa fundi, kisha arudi abadilishe. Mwingine akauliza kama fundi huyo atalishwa chakula cha wageni au cha wenyeji. Papa Harelimana, ambaye ndiye alipaswa kuamua, alikaa tu na kutazama magoti yake. Mwishowe ikaamuliwa hivi: bibi harusi haonekani, lakini hakuna desturi inayokataza ng'ombe kuingia chumbani kwake. Boksi likapitishwa chini ya pazia. Shangazi Athanasie atabeba maneno kwenda na kurudi.

Igihozo akakaa kitandani na gauni lake la harusi, akawasha tochi ya simu, akafunua flaneli. Mikono yake ilitulia yenyewe, kama inavyotulia kila anapoona kioo. Ilikuwa lenzi nzuri. Nzito, baridi, rangi nyeusi imelika kwenye kingo hadi shaba inachungulia.

“Waambie iko na numéro,” alisema. “Numéro ya mbele na ile ya ndani zinafanana.”

Shangazi akatoka. Igihozo akasikia sauti ya Papa Ézéchiel kwenye kipaza sauti: “Ngombe iko na alama ya mwenyewe kwa sikio, na ya paja inafanana!” Makofi.

Shangazi akarudi. “Wanauliza meno.”

“Meno gani?”

“Mimi najua? Wanasema ngombe inapimwa kwa meno.”

Igihozo alifikiri, kisha akazungusha pete ya kurekebisha mwanga na kuhesabu yale majani membamba ya chuma yanayofungua na kufunga tundu ndani ya lenzi. “Kumi na matatu,” alisema. “Zote ziko nzima.”

Kelele iliyozuka uani ilikuwa kubwa. Ng'ombe ana meno manane ya mbele, yote chini, na kila mtu pale alilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Mzee mmoja alisema ng'ombe wa meno kumi na matatu hajawahi kuonekana tangu wakati wa Mbelgiji. Mwingine akajibu kwamba huyu ni wa Ujerumani, huko majani ni magumu. Mghani, ambaye alikuwa bado amesimama, alinyakua neno hilo na kuliingiza kwenye sifa, na makofi yakarudi.

Chumbani, Igihozo aligeuza lenzi. Skrubu za nyuma zilikuwa safi, vichwa havijaumizwa, hakuna aliyezigusa tangu kiwandani. Herufi za jina zilikuwa zimechimbwa vizuri, rangi yake imefifia kama inavyopaswa. Mpaka hapo hakuona dalili yoyote ya bandia. Kisha akaangaza pete ya mbele, ile yenye jina, ambayo ina vitundu viwili vidogo vya kuingizia kifungulio, na hapo akasogeza tochi karibu.

Vitundu vilikuwa vimekwaruzwa. Mkwaruzo wa zamani kwenye shaba huwa mweusi. Huu ulimetameta. Ulikuwa wa wiki moja, wiki mbili kwa wingi, na ulifanywa na mtu asiye na kifungulio, mtu aliyetumia ncha ya kitu chochote kilichokuwa karibu. Fundi wa magari, kwa mfano. Kwa nini Florent aifungue? Kuna sababu moja tu ya kufungua lenzi ya thamani kabla ya kuitoa: kuchukua kilicho kizuri na kuacha kibaya. Igihozo aliona aibu kwa kuwaza hivyo, akawaza tena.

Alimwandikia ujumbe. “Uliifungua?”

Jibu lilikuja papo hapo, maana Florent naye alikuwa amekatazwa kusema neno hadharani na alikuwa amekaa na simu mapajani. “Hapana. Papa Onésime hakuniachia hata kuishika. Iko nini?”

Alitaka kumwamini. Akaangaza tochi ndani ya lenzi kwa pembeni, kama anavyofanya kazini, na kutazama jinsi mwanga unavyorudi. Vioo vya zamani vya Kijerumani vimepakwa dawa nyembamba, kila uso unarudisha rangi yake: zambarau, samawati, kahawia ya chai. Alihesabu nuru moja baada ya nyingine. Zambarau, zambarau, kahawia, samawati. Na mbele ya zote, nuru mbili nyeupe pee, zisizo na rangi yoyote.

“Kuko kioo moja isiyo yake,” alijisemea.

Shangazi Athanasie alikuwa amemwinamia begani. Kabla Igihozo hajageuka, pazia lilikuwa linacheza na shangazi hayupo.

Uani shangazi aliyarudia maneno hayo neno kwa neno. Papa Onésime akasimama, akaomba fimbo yake. Viti upande ule vikaanza kulia juu ya mawe. Igihozo alifumba macho. Ndipo mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, mwenye zizi Masisi, akauliza kwa sauti ya mtu anayeamka usingizini:

“Ngojeni. Munasema iko chotara?”

“Kioo moja iko ya ukoo ingine,” alisema Papa Ézéchiel.

“Basi iko chotara! Na ninyi munalia? Ile ngombe yangu ya asili inatoa litre mbili. Ile chotara inatoa kumi na mbili. Nani hapa anakataa chotara?”

Hakuna aliyekataa. Kila mtu mwenye ng'ombe alijua hesabu hiyo. Upande wa bibi harusi ukachangamka ghafla, wakaanza kusema kwamba kwa kweli wao tangu mwanzo waliona lenzi ile ina umbo la maziwa. Papa Onésime, aliyekuwa bado amesimama na fimbo yake, akatafakari, akakaa.

“Kama iko chotara,” alisema polepole, “basi ihesabiwe ngombe mbili. Ile ya video tunairudisha.”

“Hapana!” alifoka Papa Ézéchiel. “Iko ya asili! Numéro zinafanana!”

“Iko chotara! Fundi wenu amesema!”

Na hivyo, kwa robo saa nzima, wenye lenzi walipigania kwamba imechanganywa, na wenye kupokea wakaapa kwamba ni safi tangu kiwandani. Ukimweleza mtu wa Kinshasa hataamini. Walipochoka, mwenye zizi akatoa uamuzi uliowatuliza wote: chotara inajulikana kwa dume lake. Kioo kile kigeni kilitoka wapi, na nani alikiingiza? Kama familia ya Florent walikiingiza zamani na wakakitaja, ni chotara halali. Kama walikiingiza juzi na wakaficha, ni udanganyifu, na mahari ya udanganyifu hurudishwa pamoja na kijana aliyekuja nayo.

Papa Onésime aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba lenzi haikuwahi kufunguliwa. Watu wakamgeukia Florent. Florent, aliyekatazwa kusema, akatikisa kichwa. Kucha zake nyeusi za fundi zilionekana na kila mtu.

“Fundi aseme,” alisema Papa Ézéchiel. “Nani aliifungua?”

Igihozo alichukua kamera yake ya kazi kutoka chini ya mto, akaifungia ile lenzi kwa bague, pete ya kuunganishia, akaenda dirishani. Kioo hujulikana kwa kazi yake. Lenzi nzima lazima ione mbali kabisa, na Goma kitu cha mbali cha kupimia kinajulikana: Nyiragongo. Lakini mlima ulikuwa umefunikwa na wingu hadi mabegani.

“Wanauliza juu ya nini unachelewa,” alisema shangazi.

“Waambie nangojea mulima.”

Papa Ézéchiel akatangaza kwamba ng'ombe anaonyeshwa mlima, na watu mia moja wakageuza viti vyao kutazama kaskazini. Mama mmoja wa kanisa akaanzisha wimbo. Soda zikagawiwa. Wingu halikuwa na haraka na mtu. Baada ya muda likapasuka upande mmoja, mdomo wa volkano ukatokea na moshi wake mdogo, watu wakashangilia kama wao ndio waliolisukuma wingu.

Igihozo akapima. Mlima ulikuwa ukungu. Akazungusha pete hadi mwisho, ukungu ule ule. Paa la jirani, ukungu. Kitenge cha shangazi aliyesimama hatua mbili kutoka kwake, ukungu wa kijani na njano. Akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya lenzi, akausogeza karibu, karibu zaidi, na ghafla mistari ya kiganja chake ikatokea yote, safi, hata alama ndogo ya kuungua na pasi.

Kioo kinachoona karibu tu. Alikijua kioo cha namna hiyo. Kila nyumba yenye mzee inavyo viwili, vimekaa kwenye waya mmoja.

Akainusa pete ya mbele. Siagi ya ng'ombe. Mtu alikuwa amepaka nyuzi za pete ile siagi ili izunguke, siagi inayotoka Masisi kwenye chupa, ambayo katika nyumba hii inaguswa na mtu mmoja peke yake. Na wiki nzima, kila jioni, baba yake alikuwa akimpa Biblia na kumwambia, nisomee wewe, macho yangu yamechoka.

Igihozo alikaa chini. Alikasirika kwanza, tena sana. Kisha hakujua anahisi nini.

“Shangazi,” alisema. “Niitie Baba.”

Papa Harelimana alikuja hadi mlangoni, akasimama nje ya pazia kwa sababu ya desturi. Miguu yake ilionekana chini, katika viatu vya Jumapili.

“Baba,” alisema Igihozo taratibu, “miwani yako iko wapi?”

Miguu haikusogea. “Iko kwa mufuko.”

“Macho yote mbili?”

Mzee alikohoa. “Moja.”

Uani mghani alikuwa ameanza tena kusifu.

“Nilitaka kuangalia kinywa,” alisema mzee. “Ngombe haiingii kwangu bila mimi kuangalia kinywa. Nikashika ile kisu kidogo ya kwato. Ikateleza, ikakwaruza jicho. Mukwaruzo murefu, mutoto wangu, nilitaka kulia. Sasa mutu mwenye jicho mubaya anafanya nini? Anavaa miwani. Nikaivalisha.”

“Ukaikata namna gani?”

“Niliisugua kwa jiwe ya volkano. Siku mbili. Haukusikia?”

“Nilifikiri unanoa kisu.” Igihozo alijikuta anacheka na machozi yanatoka, akajipangusa kwa uangalifu kwa ajili ya poda. “Niko fundi, Baba. Niko hapa hapa ndani ya nyumba. Juu ya nini haukuniambia?”

“Ningekuambia, ungeitengeneza.”

“Ndiyo.”

“Na ukiitengeneza, unaenda.”

Mama yake Igihozo alikuwa amekufa miaka minane iliyopita, na tangu hapo walikuwa wawili tu mezani.

“Sikutaka waikatae kabisa,” alisema mzee. “Nilisema labda wataikataa kidogo. Mupaka mvua iishe.”

“Rumangabo si mbali.”

“Kwa mutu mwenye gari.”

“Baba, Florent amekaa pale banamwona mwizi.”

“Nimesikia.”

“Siwezi kudanganya juu ya kioo. Iko kazi yangu. Shangazi akiniuliza tena nitasema kweli.” Alitafuta namna ya kulisema bila kumvunjia baba yake heshima, hakuipata, akasema hivyo hivyo. “Lakini naweza kuchelewa kumujibu. Kama kuko mutu anataka kusema mbele yangu.”

Viatu vya Jumapili vilikaa pale kidogo. Kisha vikageuka.

Papa Harelimana alienda hadi katikati ya uani, akaukataa ule mkono wa Papa Ézéchiel uliomnyooshea kipaza sauti. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa. Upande wa kulia ulikuwa na kioo. Upande wa kushoto alipitisha kidole ndani ya waya mtupu hadi kikagusa kope, ili watu waone.

“Kioo ile iko yangu,” alisema. “Ngombe ilikuja nzima. Mutoto wa watu hakuifungua. Niliifungua mimi, nikaiumiza, nikaiwekea miwani yangu. Na nilinyamaza juu sikutaka binti yangu atoke. Basi.”

Papa Ézéchiel, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alizima kipaza sauti mwenyewe. Wazee wa upande wa bwana harusi waliinuka wakaenda kushauriana nyuma ya tangi la maji, na kutoka huko ilisikika mikono ikipigwa, mtu akisema “ngombe ya kuvunjika muguu naijua, lakini muguu si jicho,” na mwingine akiuliza kama wapewe na kile kioo cha pili ili ng'ombe aone sawasawa. Walikaa huko muda mrefu. Florent alibaki peke yake upande wake wa uani, na viti vitupu.

Papa Onésime alirudi wa kwanza, akasimama mbele ya mzee.

“Muzee,” alisema, “ngombe ikiumia ndani ya zizi ya mutu, iko ya nani?”

“Ya mwenye zizi.”

“Na mutu akivua miwani yake, akavalisha ngombe, iko ngombe ya mwenzake?”

Papa Harelimana alifikiri kwa makini, kama mfugaji. “Hapana,” alisema. “Mutu hawezi.”

“Basi uliipokea zamani. Hatuna tena la kuomba ila binti.”

Vigelegele vilipanda mpaka majirani wasioalikwa wakachungulia juu ya ukuta. Mghani alipasua sauti. Shangazi Athanasie alivuta pazia kwa nguvu hata fimbo ya pazia ikaanguka, na Igihozo akatoka, gauni jeupe juu ya mawe meusi, akitembea polepole kwa sababu ya viatu vya visigino virefu. Florent alisimama. Igihozo alimtazama, akataka kumwomba msamaha kwa lile alilowaza chumbani, akaona ana maisha mazima ya kufanya hivyo, akampita. Alienda kwanza kwa baba yake, akapiga magoti.

Mzee alikuwa bado amevaa miwani yake ya jicho moja. Alikunja uso, akageuza kichwa huku na huku.

“Sogea,” alisema.

Akasogea.

“Bado. Uko ukungu tu.”

Akasogea mpaka magoti yake yakagusa viatu vya mzee, mpaka akasikia harufu ya sabuni na ya siagi. Baba yake alifumba jicho la kushoto.

“Hapo,” alisema. “Hapo nakuona.”

Alimtazama muda mrefu, na katika watu mia moja hakuna aliyewaharakisha. Kisha akasema, “Sasa enda.” Lakini mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa gauni, na Igihozo alibaki pale pale juu ya mawe, akingoja mpaka mzee auachie mwenyewe.